Foki ya kupinda kwa mkono: baiskeli ya mama wa maziwa

(Niliongea haya mbele ya vijana waliokuwa wanamaliza kozi ya uchomeleaji hapa Shinyanga. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, na maswali ya mwisho nimeyaweka.)

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu mnaomaliza leo, habari za asubuhi. Nimeombwa niongee kuhusu kazi ya mikono, nikaona nisije na maneno ya jumla, nije na baiskeli moja tu, hii hapa, mwenyewe ameniazima mpaka saa tano. Pamoja nayo nimeleta foki mbili zilizoharibika, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, hizo mnaziona mezani, nimezileta makusudi kwa sababu hizo ndo zilizonifundisha.

Hapa kwetu mtu haelezwi baiskeli ni nini. Inabeba mkaa, inabeba maji, inampeleka mgonjwa zahanati, na kuna watu wamesomesha watoto kwa kupakia abiria kwenye keria, wenyewe tunawaita daladala. Ila ziangalieni baiskeli zenyewe, karibu zote umbo ni moja, Phoenix ya China, Hero ya India, bomba la juu limenyooka, ringi inchi 28, yaani ni lile umbo la Uingereza la zamani la mwanaume mrefu aliyekaa mgongo wima, na sisi wote tumejipanga humohumo, mrefu kwa mfupi, mwenye suruali na mwenye kitenge.

Sasa alinijia mama mmoja, anakaa pembeni ya mji, alfajiri anakusanya maziwa kwa wafugaji anayaleta mjini. Alikuwa anaendesha baiskeli ya marehemu mume wake, ile ndefu, akitaka kushuka lazima atafute kichuguu au jiwe la kukanyaga. Nyuma dumu mbili za lita 20. Akaniambia, "Mwanangu, siku moja kifuniko cha nyuma kilifunguka, nimemwaga maziwa barabara nzima mi sijui, nimekuja kujua nimefika mjini dumu jepesi. Nataka dumu moja likae mbele, niwe naliona." Nikamwambia sawa mama, nitachomelea keria ya mbele. Nikachomelea, akaondoka. Baada ya siku tatu karudi nayo anaikokota, anasema ikibeba mbele usukani unakuwa mzito, halafu ukikata kona kidogo tu unaangukia upande huohuo kama vile kuna mtu kauvuta.

Nikaipanda mwenyewe na dumu la maji mbele. Alikuwa anasema kweli tupu.

Na hapo ndo nilipogundua kwamba miaka yote nimekuwa nabadilisha foki za watu bila kujua kwa nini imepinda. Mnajua tukiulizwa tunajibu nini? "Ni ya kulainisha mashimo." Kuna ukweli kidogo, ncha nyembamba iliyopinda inacheza cheza kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabara ya vumbi. Ila hiyo si sababu yenyewe.

Kijana wangu, nisaidie hapo, geuza hendo ya hiyo baiskeli ya darasani iangalie nyuma kabisa, mpaka foki ipinde kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Eeh. Sasa isukume, uiachie. Mmeona? Imetembea yenyewe mpaka ukutani bila mtu. Rudisha kama kawaida, sukuma tena... Imekwenda, lakini imeyumba mapema ikaanguka. Baiskeli ni ileile, gurudumu lilelile, kilichobadilika ni pale ekseli ilipokaa tu.

Mwaka 1970 kuna Mwingereza mmoja, David Jones, mkemia kwa taaluma, alichapisha majaribio yake ya kutengeneza baiskeli isiyoendesheka, alitaka kujua kinachoifanya isimame ni nini. Alifunga gurudumu la pili linalozunguka kinyume, ili kufuta ule msaada wa gurudumu kuzunguka, bado akaiendesha vizuri tu. Akageuza foki kama tulivyofanya sasa hivi, akakuta ukiisukuma haitaki kuanguka. Akaja akasogeza gurudumu la mbele inchi 4 mbele zaidi ya kawaida, hapo ndo ikawa mbaya kweli, ukiiachia inaanguka papo hapo.

Njooni karibu na hapa sakafuni, nachora kwa chaki. Huu mstari ni shingo ya baiskeli, pale foki inapopita. Urefushe mpaka uguse ardhi, weka alama. Sasa shusha timazi kutoka kwenye ekseli mpaka chini, hapo ndo tairi linapogusa ardhi, weka alama ya pili. Mnaona tairi linagusa nyuma ya ule mstari wa shingo? Huo umbali kati ya alama mbili mimi nauita mkia. Gurudumu linaufuata usukani kama kigurudumu cha toroli la hospitali, ukisukuma toroli vigurudumu vyenyewe vinageuka vikakaa nyuma ya pini vinapozungukia. Mkia ukiwa mrefu baiskeli inapenda kwenda moja kwa moja, lakini mbele ukiweka mzigo inakuwa nzito na inaangukia kona. Mkia ukiwa mfupi inageuka kirahisi na mzigo wa mbele inaubeba kwa utulivu. Ukiisha kabisa mpaka tairi likagusa mbele ya mstari wa shingo, hiyo ndo ile ya Jones iliyoanguka papo hapo.

Na foki ikipinda mbele ZAIDI, mkia unafupika. Wengi wanadhani ni kinyume, hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipochora.

Basi nikaanza kupima baiskeli. Nimepima za watu sokoni mpaka wengine wakadhani nataka kununua. Zilizonishangaza ni zile za mtumba za Japani, zile za kina mama zenye kapu mbele, ringi 26, fremu ya kushuka chini mtu anapanda na gauni lake. Wajapani wanapakia kapu mbele kila siku, na foki zao zimepinda haswa. Halafu nikaja kusoma kwamba Paris zamani wasambazaji wa magazeti walikuwa na keria pana mbele juu ya gurudumu, wanashindana mbio wakiwa wamepakia magazeti, na mafundi wa kule nao walikuwa wanapinda foki mbele zaidi ili mkia ufupike. Yaani mwenye mzigo mbele, Tokyo au Paris au hapa, kilio chake ni kimoja.

Nikamwambia mama, hii ya baba tuiache, nakutengenezea yako. Nilichukua magurudumu ya mtumba wa Japani, ringi 26, fremu nikaikata na kuichomelea upya iwe fupi na iinamie chini. Fremu sitaielezea sana, mnaijua, ni kukata na kupima. Foki ndo iliyonichukua miezi miwili.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kutoka ekseli mpaka chini na tairi lake ni milimita 330. Shingo nimeilaza nyuzi 70 kutoka usawa wa ardhi. Foki ikipinda mbele milimita 45, yaani ekseli imetoka kiasi hicho mbele ya mstari wa shingo, mkia unakuwa milimita 72. Ikipinda 75, mkia unakuwa 40. Wala msiogope hesabu, chaki na timazi vinakupa jibu lilelile ukichora kwa ukubwa wake halisi. Nikachagua 75.

Dukani foki ya 75 kwa ringi 26 haipo, nilizunguka sana. Kwa hiyo ni kupinda.

Foki ya kwanza ni hii. Pita nayo, waishike. Mnaona hapa katikati ya kona ilivyobonyea kama muwa uliokanyagwa? Niliuziwa bomba nikaambiwa lina unene wa milimita 2, sikupima, nikaja kulikata nikakuta ni 1.2. Ni kosa langu sikupima kwa venia, kile kipimo cha unene, palepale. Halafu nikalipasha moto kwa gesi sehemu moja, mchanga ndani sikuushindilia, nikavuta. Upande wa moto ukalainika peke yake, ukaingia ndani. Bomba likishabonyea hivi usilinyooshe ukajidanganya, hapo ndipo litakapokatikia.

Ya pili ni hii nyeupe nyeupe. Bomba la maji, lile lililopakwa zinki. Lilipinda vizuri sana, nikafurahi, nikaanza kuchomelea ndani kibandani mlango nimefunga kwa sababu ya upepo. Ule moshi mweupe unaotoka pale ni zinki inaungua. Usiku nikapata homa, natetemeka chini ya mablanketi mawili, mdomoni ladha ya chuma, kifua kinabana, mke wangu akadhani malaria. Wadogo zangu nawaomba sana, nimesimama hapa mbele ya walimu wenu kusema hili, ondoeni zinki kwanza kwa grenda au msasa, sentimita kadhaa kila upande wa chomeo, huku mmevaa barakoa, halafu mchomelee nje kwenye upepo. Na ile ya kunywa maziwa eti yanasafisha, maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda kwenye mapafu. Nimeiacha foki ile kabisa, lile bomba nalo ni zito bure.

Ya tatu ndo iko kwenye baiskeli. Bomba jeusi la milimita 25, unene 2 kweli, nimepima mwenyewe.

Kalibu, yaani umbo la kupindia bomba, nilichonga kwa gogo la mninga, duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20, pembeni nikachimba mfereji bomba likae nusu ndani, kwa sababu bomba likibanwa mbavu zake haliwezi kutanuka, na lisipotanuka mbavu halibonyei mgongoni. Mchanga nilichukua wa mtoni, nikauchekecha, nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka ukaacha kutoa mvuke kabisa. Hilo la kukaanga msilifanyie mzaha, mchanga wenye unyevu ukizibwa pande mbili halafu ukapashwa moto, maji yanageuka mvuke, ile kizibo inatoka kama risasi. Mi mwishoni nilipinda baridi, bila moto, lakini mchanga nilikaanga vilevile, unashikana vizuri ukiwa mkavu. Unamimina kidogo, unagonga bomba kwa nyundo ya mbao, unasikia mlio. Mwanzoni linalia kama kengele, likijaa sawasawa linalia du, du, mlio mfu kama ukuta. Ndo unaziba kwa kizibo cha mti.

Kuna jambo dogo ambalo halionekani. Bomba la namna hii limeviringishwa kutoka kwenye bati likachomelewa, kwa hiyo lina mshono kwa ndani, ukichungulia kwa tochi unauona. Mshono usiuweke mgongoni mwa kona wala tumboni, uweke ubavuni. Mgongoni chuma kinavutwa, tumboni kinakandamizwa, ubavuni kinapumzika.

Na usikate bomba kwa urefu wa foki kabla ya kupinda! Niliacha mita nzima, nikafunga ncha kwenye jiliwa la kubania pamoja na kalibu, nikavuta ule urefu uliobaki kama wenzo, taratibu, kwa uzito wa mwili na si kwa mikono. Chuma kina tabia ya kurudi, ukikipinda mpaka kwenye mstari ukakiachia kinafunguka kidogo, kwa hiyo unapita mstari kidogo, unakilaza juu ya mchoro wa chaki, unaangalia, unarudi tena. Mguu wa kwanza ulinichukua nusu saa. Wa pili asubuhi nzima, kwa sababu wa pili lazima ufanane na wa kwanza, na wa kwanza haukuwa na wa kufanana naye.

Kichwa cha foki na bomba la shingoni lenye nyuzi za skurubu sikutengeneza, nilitoa kwenye foki kuukuu ya inchi 1 ambayo miguu yake ilikuwa imeoza kwa kutu lakini juu mzima kabisa. Nyuzi za pale ni 24 kwa inchi, kuzikata kwa mkono ni kujitafutia shida. Masikio ya kushika ekseli nilikata kwenye bamba la milimita 5, yote mawili nikayabana pamoja kwenye jiliwa nikayapiga tupa kwa pamoja, yatoke mapacha.

Kuunganisha nilitumia shaba na boraksi, ule unga unaosafisha chuma ili shaba ishike, si umeme. Umeme unashika haraka lakini unachoma pembeni pakawa pakavu, na bomba jembamba linatoboka. Kwa shaba unapasha chuma, si kijiti, unazungusha moto mpaka kichwa na mguu vyote viwe vyekundu vya kung'aa kwa pamoja, ndo unagusa na kijiti, na shaba yenyewe inanyonywa ndani ya ule mwanya mwembamba, unaiona inaingia upande huu na inachungulia upande wa pili. Ukiiona imechungulia mzunguko mzima, moyo unatulia. Na toboa tundu dogo kila mguu kwa ndani, hewa iliyofungiwa ikipata moto inatafuta pa kutokea, na itatokea pale unapoweka shaba, utabaki na vitundu huvioni.

Kupima kama miguu iko sawa hauhitaji mashine. Funga gurudumu, angalia ringi imekaa katikati au imeegemea upande. Kama imeegemea kushoto, toa gurudumu ligeuze, kulia kuwe kushoto, rudisha. Ikiegemea kushoto tena, foki ndo mbaya. Ikihamia kulia, gurudumu ndo bovu, rudi kwenye spoki. Yangu iliegemea kushoto mara zote mbili, milimita 3 hivi. Nikairudisha kwenye mchoro, mguu mmoja ulikuwa haujafika. Nikausogeza kidogo kidogo mpaka ikakaa.

Halafu sikumpa. Najua alikuwa anaihitaji, alikuwa anakuja kila Jumamosi anaikalia pale kibandani anaishika shika hendo. Lakini foki si kama keria. Keria ikikatika umepoteza maziwa, foki ikikatika unaenda chini kwa uso na hakuna mtu aliyekuonya. Kwa hiyo nimeiendesha mimi wiki sita, dumu la maji lita 20 mbele, njia ya rasta, na kila Jumapili natoa gurudumu, nafuta vumbi chini ya kichwa pale mguu unapoingia, naangalia kwa tochi kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Hapo ndo panapobeba vishindo vyote. Rangi nilipaka mwishoni kabisa, kwa sababu rangi inaficha ufa.

Siku aliyoichukua alipanda bila kutafuta jiwe la kukanyaga. Alikata kona pale kwenye mwembe akiwa na dumu mbele, akarudi, akasema, "Mwanangu, haivuti."

Haya, nimebakiza muda wa maswali, dada yule wa nyuma.

Ameuliza mbona baiskeli za mashindano anazoziona kwenye simu foki zimenyooka. Swali zuri sana. Muitaliano Colnago mwishoni mwa miaka ya 1980 ndo aliyezifanya zipendwe, foki iliyonyooka kabisa. Lakini ukiangalia vizuri, miguu imeegeshwa mbele kuanzia kichwani, kwa hiyo ekseli bado iko mbele ya mstari wa shingo. Kinachohesabika ni ekseli iko wapi, njia ya kuifikisha pale ni mbili. Ukitaka iliyonyooka lazima kichwa kitengenezwe kwa pembe hiyo kiwandani, kikitoka kimetoka. Ya kupinda, kwa kichwa hichohicho kuukuu, naweza kukupa 45 leo na 75 kesho. Ndo maana nawaambia hii ni kazi ya fundi wa hapa.

Na wewe kaka umeuliza kama mkia ndo kila kitu. Hapana. Mwaka 2011 watafiti wa Delft kule Uholanzi na Cornell ya Marekani walitengeneza kibaiskeli kidogo ambacho mkia wake umepita kwa mbele, yaani tairi linagusa ardhi mbele ya mstari wa shingo, tena walikiondolea na ule msaada wa gurudumu kuzunguka, na bado kikajisimamia kikisukumwa, kwa sababu ya jinsi walivyoupanga uzito wake. Kwa hiyo mzigo umekaa wapi nalo ni nusu ya kazi. Lile dumu la mama nimelishusha karibu kabisa na tairi, nimeacha vidole viwili tu, na nimelifunga kwenye foki na ekseli, halining'inii kwenye hendo.

Wa mwisho. Anauliza kama anaweza kupinda miguu miwili ikalingana bila kalibu ya mninga, maana hana hela ya gogo. Inawezekana, tafuta kitu chochote kigumu cha duara chenye mfereji, hata ringi ya pikipiki iliyotupwa, ila hiyo duara lake huwa kubwa zaidi, utavuta bomba refu zaidi kupata mpindo uleule. Anza na mchoro. Sakafu hii hapa na chaki hii, mwenyewe wa baiskeli anakuja saa tano, bado tuna dakika arobaini. Njoo, shusha timazi tuanze.